Timu ya Milioni Mia: Namna ya Kupanga Kikosi cha Ushindi kwa Fedha Kidogo

Ndugu wengi wa viwandani na wa mashamba ya chai hapa Rubavu wametuomba tuandike juu ya ule mchezo wa kupanga timu ya mpira ambao vijana huuita fantasi. Wapo wanaoomba kwa sababu wameucheza msimu mzima wakashika mkia. Wapo pia wanaoomba kwa sababu wanadhani ni kamari, na wanataka chama kiukemee waziwazi. Yafaa tuwajibu wote, nasi tutaanza na hawa wa pili maana habari yao si ndefu.

Mchezo wenyewe si kamari. Ule wa Ligi Kuu ya Uingereza, ambao ndio unaochezwa zaidi hapa kwetu, ulianzishwa mwaka 2002 na kujiandikisha ni bure. Mtu akiongoza dunia nzima hupewa zawadi na wenye mchezo. Akishika mkia hapotezi faranga hata moja ya mshahara wake, ila ile ya data ya simu. Nyumba ya kubeti ni kitu kingine kabisa. Mwenye nyumba ile amekwisha kupanga malipo yake kwa namna ambayo mwisho wa mwaka faida itabaki kwake, na faida hiyo haishuki kutoka mbinguni, hutoka katika mishahara ya watu. Kwa hiyo ndugu anayesema kwamba anacheza fantasi huku ameshika tiketi ya kubeti mkononi asitudanganye. Hayo ni mambo mawili.

Wala si mchezo wa jana. Mwaka 1980 huko Marekani, mwandishi mmoja aitwaye Daniel Okrent na rafiki zake walianza kupanga timu zao za baseboli kwa kuchagua wachezaji wa kweli, kila mmoja akiwa na kiasi kilekile cha fedha, na pointi wakizihesabu kwa mkono kutoka kurasa za michezo za magazeti. Mwaka 1991 Andrew Wainstein akaleta jambo hilo kwenye soka la Uingereza. Tunalitaja kwa sababu wapo wanaodhani kwamba asiye na simu kubwa hawezi kushiriki. Waanzilishi wenyewe hawakuwa na simu hiyo. Tutalirudia jambo hili mbele.

SHERIA KWA ASIYEZIJUA

Unapewa pauni milioni 100 za kubuni. Kwa fedha hizo unanunua wachezaji 15 wa kweli wa Ligi Kuu ya Uingereza: makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3. Kila mchezaji ana bei yake. Wa chini kabisa ni 4.0, yaani milioni nne. Wakubwa wanafika 14.0 na zaidi. Klabu moja haiwezi kukutolea zaidi ya wachezaji 3, na sheria hii wapenzi wa Arsenal wa mjini kwetu huilalamikia kila Agosti. Kila raundi unapanga 11 kati ya 15, wanne wanabaki akiba, na mmoja unamfanya nahodha ambaye pointi zake huzidishwa mara mbili. Raundi ni 38.

Mchezaji akicheza dakika 60 au zaidi hupata pointi 2, akicheza pungufu ya hapo hupata 1. Bao la mshambuliaji ni pointi 4, la kiungo 5, la beki 6. Aliyetoa pasi ya bao hupata 3. Timu isipofungwa, kipa na mabeki waliocheza saa nzima hupata 4 kila mmoja, na kiungo 1. Kadi ya njano hukata 1, nyekundu hukata 3, penalti iliyokoswa hukata 2. Zipo na pointi za nyongeza, kuanzia 1 hadi 3, kwa waliocheza vizuri zaidi katika kila mechi.

Ndiyo sheria karibu zote. Aliyezielewa hizi amekwisha kuelewa kwamba huu si mchezo wa kujua mpira peke yake. Ni mchezo wa kugawa fedha isiyotosha, na katika hilo hakuna mtu wa kumfundisha mfanyakazi.

FEDHA HAITOSHI, NA HAIKUKUSUDIWA ITOSHE

Mwenye kuanza hufanya hivi: anamchukua Haaland, anamchukua Salah, anafurahi, halafu anatafuta wengine. Tuipige hesabu hiyo. Msimu wa 2025/26 ulipoanza Mohamed Salah alikuwa 14.5 na Erling Haaland 14.0. Jumla ni 28.5. Zimebaki 71.5 za kununulia watu 13, yaani 5.5 kwa kila mtu. Kwa wastani wa 5.5 hupati kiungo wa kukufungia mabao kumi, unapata watu wa kujaza nafasi. Ni kama mtu aliyekwenda sokoni Mbugangari na fedha ya juma zima akanunua samaki mmoja mkubwa, akarudi nyumbani bila mafuta, bila chumvi, bila makaa. Samaki ni mzuri lakini hakuna wa kumpika.

Tena huyo mkubwa mwenyewe hana dhamana. Msimu wa 2024/25 Salah alikusanya pointi 344, na hakuna mchezaji aliyewahi kufikisha hizo tangu mchezo uanze: mabao 29 na pasi za bao 18. Kila mtu akamkimbilia msimu uliofuata kwa bei ya juu. Mabao yakapungua, na mwishoni mwa Novemba 2025 kocha Arne Slot akamweka benchi. Pointi 344 zilikuwa za msimu wa 2024/25, lakini bei ya 14.5 ililipwa msimu wa 2025/26. Hatusemi asinunuliwe mtu ghali. Haaland kwa miaka hii amelipa bei yake mara nyingi, na unahodha wa kila juma unahitaji mtu wa namna hiyo. Tunasema mmoja, na ikibidi wawili, tena wa pili awe na sababu inayoonekana kwenye hesabu, si kwenye picha ya ukutani.

Ushindi unatoka kwa watu wa bei ya kati na ya chini ambao wanacheza kila juma kuliko bei yao. Mifano tunayo mingi, nasi tutakaa kwenye mmoja kwa sababu unatuhusu.

Jamie Vardy alikuwa mfanyakazi wa kiwanda. Alikuwa akitengeneza vifaa vya kufungia viungo vilivyovunjika, vile vinavyotumika hospitalini, katika mji wa Sheffield, na jioni akichezea Stocksbridge Park Steels, klabu ambayo mizizi yake iko kwenye kiwanda cha chuma. Klabu ile ilikuwa ikimlipa pauni 30 kwa juma. Leicester walimnunua mwaka 2012 kutoka Fleetwood kwa pauni milioni moja, akiwa na miaka 25 na hajawahi kucheza ligi ya juu. Msimu wa 2015/16 ulipoanza, bei yake katika mchezo huu ilikuwa 6.0. Mwenzake Riyad Mahrez, Mwalgeria, ambaye Leicester walimpata kutoka Le Havre kwa fedha isiyofika nusu milioni ya kweli, alikuwa 5.5. Wote wawili jumla 11.5, bei ya nyota mmoja. Vardy akafunga katika mechi 11 mfululizo, jambo ambalo halikuwa limefanywa na mtu katika ligi ile, akamaliza na mabao 24. Mahrez akafunga 17 na kumaliza na pointi 240 za fantasi. Leicester wakachukua ubingwa. Msimu huohuo Eden Hazard wa Chelsea, aliyekuwa mchezaji bora wa mwaka uliotangulia na miongoni mwa wa bei ya juu kabisa, alifunga mabao 4 tu ya ligi.

Sasa ndugu msomaji atasema, hayo yalikuwa ya mwaka mmoja, nani angejua? Agosti hakuna aliyejua. Lakini Septemba ilikuwa imekwisha kuonekana, na Oktoba ilikuwa wazi, na bado wengi walisubiri hadi Desemba kwa sababu jina la Leicester halikuwa na heshima machoni mwao. Mwenye kusoma jedwali la pointi badala ya kusoma majina aliwanunua mapema wakiwa bado rahisi.

Na si mwaka mmoja. Msimu wa 2018/19 Aaron Wan-Bissaka, kijana aliyezaliwa London na wazazi wa Kikongo, alikuwa beki wa Crystal Palace kwa bei ya chini kuliko zote, 4.0, naye akicheza karibu kila mechi. Mwaka 2019 Manchester United wakamnunua kwa zaidi ya pauni milioni 40 za kweli, na tangu 2025 anaichezea Kongo. Msimu wa 2019/20 alikuwapo John Lundstram wa Sheffield United, naye 4.0. Wenye mchezo walimwandika beki, lakini uwanjani alikuwa kiungo anayepanda kufunga, na bao la beki ni pointi 6. Msimu wa 2023/24 Cole Palmer alianza kwa 5.0 akiwa Manchester City, akahamia Chelsea, akafunga mabao 22 na kumaliza na pointi 244. Msimu wa 2024/25 Chris Wood wa Nottingham Forest alianza kwa 6.0 akafunga 20, na Yoane Wissa, Mkongo mwingine, akafunga 19 akiwa Brentford. Kila mwaka yupo mmoja au wawili. Kazi yako ni kuwajua wakati bado ni rahisi.

Wanajulikanaje? Kwanza, dakika. Mtu wa 4.5 anayecheza mechi zote 38 kwa dakika zote ana pointi 76 kabla hajafanya jambo lolote. Mtu wa 7.0 anayeingia dakika ya 75 kila juma ana 38. Usimtazame mchezaji kabla ya kutazama kama kocha wake anampanga. Pili, nani anapiga penalti na mipira ya adhabu katika timu ile ndogo, maana timu zote hupata penalti, hata zile za mkiani. Tatu, tofauti ya jina na kazi. Mahrez, Palmer na Salah wote waliandikwa viungo huku uwanjani kazi yao ikiwa ya mbele, na bao la kiungo lina pointi 5. Beki anayepanda ni vivyo hivyo. Sisi wafanyakazi twalijua jambo hili kwa upande wake mbaya, pale mtu anapoandikwa kibarua kwenye karatasi na kazi anayofanya ni ya fundi. Katika fantasi kosa hilo la karatasi ni faida kwako, litumie.

Wazee wetu wanaokwenda uwanja wa Umuganda kuwatazama Etincelles na Marines wana jicho la kazi hii kuliko vijana wenye simu. Wamezoea kutazama timu zisizo na nyota wa kununuliwa. Wengi wao walikuwapo Januari 2016 wakati Kombe la CHAN, lile la wachezaji wa ligi za nyumbani tu, lilipoletwa Rwanda na kundi la Zambia, Mali, Uganda na Zimbabwe likachezwa hapa kwetu. Mali walishinda mechi moja tu kati ya tatu za kundi hilo, dhidi ya Zimbabwe, bao 1 kwa 0, na mechi mbili wakatoka sare. Watu wakasema timu gani hii. Timu hiyo ikafika fainali, ikafungwa na Kongo 3 kwa 0 mjini Kigali. Aliyekuwa akitazama mabeki wao pale Umuganda hakushangaa.

KAZI ISIYOONEKANA

Lipo jambo jipya ambalo wengi hawajalitia maanani. Tangu msimu wa 2025/26 beki akifikisha kazi 10 za ulinzi katika mechi moja, yaani kuondosha mpira, kuzuia shuti, kukata pasi na kumpokonya adui, hupewa pointi 2. Kiungo na mshambuliaji lazima wafikishe 12, nao huhesabiwa na mipira waliyoirudisha kwa timu yao.

Kwa zaidi ya miaka 20 kazi hiyo haikuwa na malipo yake yenyewe. Beki aliyeondosha mpira mara kumi na tano na timu yake ikafungwa dakika ya 89 kwa kosa la mwingine alirudi nyumbani na pointi 2 za kuhudhuria. Aliyefunga bao moja kwa goti akaonekana ndiye aliyefanya kazi. Nina maoni yangu juu ya hesabu za namna hiyo, na ndugu wa idara ya usafi na wa chumba cha majiko watayakisia bila mimi kuyaandika. Muhimu kwa sasa ni bei. Mabeki wa kati wa timu zinazoshambuliwa sana, ambao wengi wako 4.5 na 5.0, wanaweza kufikisha hizo 10 hata wakifungwa. Timu ikifungwa mabao 2 beki hukatwa pointi 1, lakini bado anabaki na 3, na mwenye winga wa 6.5 aliyecheza dakika 50 bila kufanya lolote ana 1. Kabla ya sheria hii tulikuwa tukiwashauri ndugu wakwepe mabeki wa timu dhaifu. Sheria ilipobadilika na ushauri umebadilika.

MFANO WA MGAWANYO

Hatutataja majina hapa, maana bei hubadilika na wachezaji huhama. Tunataja mafungu. Makipa: mmoja 5.0, mwingine 4.0 wa kukaa tu. Mabeki: 6.0, 5.5, 5.0, 4.5 na 4.0. Viungo: 12.5, 8.0, 7.0, 5.5 na 5.0. Washambuliaji: 14.0, 7.5 na 5.5. Jumlisha upate 99. Iliyobaki 1.0 usiitafutie matumizi. Itakusaidia utakapotaka kumbadili mtu wa 7.0 kwa wa 7.5 bila kubomoa nyumba nzima. Asiyemwamini huyo kiungo wa 12.5 ampunguze hadi 9.5, na zile milioni 3 zikainue mabeki wawili na kiungo wa nne. Mimi binafsi napenda njia hii ya pili, ingawa wenzangu wengi wa kamati hawakubaliani nami.

Jihadhari na wale wanne wa akiba. Watu huwaweka wafu, yaani wachezaji wa 4.0 wasiopangwa kabisa, ili waokoe fedha. Mmoja si neno. Watatu ni hatari, kwa sababu mchezaji wako wa kwanza asipocheza kabisa, wa akiba huingia mahali pake peke yake bila wewe kufanya kitu, na kama wa akiba naye hachezi unapata sifuri.

Kila raundi unaruhusiwa badiliko moja bure, na usipolitumia linawekwa, hadi yafike 5. Badiliko la ziada hukatwa pointi 4. Hapa ndugu zetu wanajimaliza wenyewe. Mtu anafungwa Jumamosi, Jumapili usiku ana hasira, anabadilisha watatu, Jumatatu ana hasara ya pointi 8 kabla mpira haujaanza. Hizo 8 ni mabao mawili ya mshambuliaji. Ukitaka kubadilisha, subiri Alhamisi au Ijumaa, habari za majeruhi zitoke kwanza. Bei ya mchezaji hupanda na kushuka kwa 0.1 kadiri watu wanavyomnunua au kumuuza, na hofu ya kupandishiwa bei ndiyo inayowakimbiza wengi. Lakini faida hiyo hupewi yote. Ulimnunua kwa 5.5, akafika 5.9, ukimuuza unalipwa 5.7, nusu ya faida. Haistahili kukimbiziwa usiku.

SAA ZA UINGEREZA NA ZAMU ZETU

Pointi nyingi za wafanyakazi zinapotea hapa kuliko kwenye uchaguzi wa wachezaji. Mlango wa kubadilisha timu hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya raundi. Mechi ya kwanza ikiwa Jumamosi saa sita na nusu mchana ya Uingereza, wakati wa majira ya baridi huko, mlango kwetu hufungwa saa saba mchana. Majira yao ya joto hufungwa saa sita kamili. Waingereza huirudisha saa yao nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba na kuisogeza mbele Jumapili ya mwisho ya Machi. Sisi saa yetu haibadiliki. Kwa hiyo Agosti na Septemba mlango hufungwa mapema kwa saa nzima kuliko Desemba. Ikiwa mechi ya kwanza ni ya Ijumaa usiku, mlango hufungwa saa moja na nusu usiku wakati wa joto lao na saa mbili na nusu wakati wa baridi.

Saa hizo ndizo za zamu. Mwenye zamu ya mchana ya Jumamosi simu yake iko kabatini. Na Jumamosi ya mwisho wa mwezi tuna umuganda kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi, halafu mkutano. Aliyesema atapanga timu baada ya umuganda wa Agosti ana dakika chache sana. Panga Alhamisi usiku. Likitokea jambo jipya Ijumaa, badilisha. Lisipotokea, timu yako iko tayari na wewe uko kazini kwa amani.

Zipo pia karata maalumu za kubadili kikosi kizima, za kuhesabiwa pointi za akiba, za nahodha mara tatu na za kikosi cha raundi moja. Msimu wa 2025/26 kila moja ilitolewa mara mbili, nusu ya kwanza na nusu ya pili, na ya nusu ya kwanza isiyotumika ilipotea. Ile ya kubadili kikosi kizima usiitumie raundi ya tatu kwa hasira. Itunze hadi uone mechi saba au nane, ndipo wale wa bei ya chini wanaocheza kweli wanapokuwa wamejulikana. Mwenye Waafrika wengi katika timu akumbuke na Kombe la Mataifa. Lilipochezwa Moroko kuanzia Desemba 2025, wenye mchezo walimjazia kila mtu mabadiliko hadi 5, lakini aliyekuwa amelala hakujua.

LIGI YETU

Wachumaji chai, na wengi wao ni akina mama, wametuuliza kama ligi ya tawi ni ya wenye simu tu. Si yao peke yao. Kila anayetaka ataandika kwenye karatasi wachezaji wake 15 na bei zao, nakala mbili, moja abaki nayo na moja ampe karani wa ligi. Karani ataiingiza kwenye simu kwa jina la mwenye timu, kwa anwani ya barua pepe yake mwenyewe, maana sheria ya mchezo ni mtu mmoja timu moja. Asiye na anwani atasaidiwa kuifungua, na neno la siri atakabidhiwa yeye. Badiliko lolote lazima liandikwe na kutiwa sahihi, na lifike kwa karani kabla ya saa sita mchana Ijumaa. Karani haruhusiwi kugusa timu ya mtu bila karatasi, hata akiona mchezaji amevunjika mguu. Akiona, amwambie mwenyewe.

Jedwali litabandikwa kila Jumanne kwenye ubao wa matangazo, lote, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho.

Kuhusu mchango. Wapo wanaotaka kila mtu atoe faranga elfu mbili na mshindi achukue zote. Kamati haikukubali, nami niliunga mkono uamuzi huo. Nimeitwa mara mbili kuamua ugomvi wa fedha za ligi za namna hii, na mara zote mbili fedha zilikuwa kwa mtu mmoja bila daftari, na urafiki wa miaka ukaisha kwa sababu ya bao la Jumatatu usiku. Wanaotaka kuchanga wafanye kama kimina: daftari, watunzaji wawili, na fedha irudi kwa kila aliyechanga mwisho wa msimu, ila sehemu ndogo inunuliwe kikombe na soda za siku ya kukikabidhi. Na yeyote anayeuza utabiri kwenye simu, elfu moja kwa majina ya juma, msimpe. Kama angejua, angekaa kimya ashinde yeye.

Karatasi za msimu mpya zitapokelewa na wawakilishi wa wafanyakazi wa kila idara na wa kila shamba tangu bei mpya zitakapotangazwa hadi siku mbili kabla ya raundi ya kwanza ya Agosti. Atakayechelewa ataanza na raundi ya pili, na pointi za raundi ya kwanza hatapewa.